Je, Wajua? Bakteria Wanaouawa na Hewa Tunayovuta

Je, wajua kwamba wapo viumbe ambao hewa safi ni kifo chao? Mwaka 1861 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliweka tone la majimaji yaliyochacha chini ya hadubini. Bakteria wa katikati ya tone walikuwa wakihangaika huku na huko kwa nguvu. Wale waliofika ukingoni, penye hewa, walitulia tuli. Enzi hizo wengi waliamini kuwa pasipo hewa hapana uhai, na tone hilo moja likawaonyesha vingine.

Je, wajua kwamba bakteria hao ni wakongwe kuliko oksijeni yenyewe angani? Dunia ilikuwa na uhai kwa muda mrefu mno kabla gesi hiyo haijaanza kujaa, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Walioileta ni bakteria wengine, waliopata uwezo wa kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Oksijeni ikiingia ndani ya seli huzaa kemikali kali zinazoharibu kila zinachogusa. Sisi tuna vimeng'enya vya kuzizima kemikali hizo. Wao wengi hawana, au wanavyo haba, kwa hiyo wakabaki kwenye tope, kwenye vilindi, na baadaye ndani ya matumbo.

Matumbo yetu pia. Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, wengi kidogo kuliko seli zake mwenyewe, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana, mahali pasipo na hewa. Hapo wasioitaka oksijeni ndio wenye mji. Wanachachua nyuzinyuzi za maharage, mboga na dona ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na wanatoa asidi iitwayo butireti. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutokana na asidi hiyo. Mlo usio na nyuzinyuzi unawanyima chakula bakteria, na ukuta wa utumbo unapungukiwa pamoja nao.

Je, wajua kwamba maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya? Inawalisha bakteria wake. Karibu mwaka 1900 Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwakuta kwenye vinyesi vya watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la tawi lililogawanyika. Leo tunawaita bifidobakteria. Hao huweka asidi tumboni na kuwazuia wengi wa wale waletao kuhara.

Sasa twende kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Je, wajua kwamba Wahadzabe wa huko, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wametajwa katika baadhi ya tafiti muhimu zaidi za bakteria wa tumbo duniani? Mwaka 2014 watafiti walilinganisha vinyesi vyao na vya wakazi wa Bologna, Italia. Matumbo ya Wahadzabe yalikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, na watu wazima hawakuonekana kuwa na wale bifidobakteria ambao Wazungu huwahesabu kuwa dalili ya afya. Halafu mwaka 2017 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba bakteria wao hufuata majira ya mwaka. Masika, wakati wa asali na matunda ya porini, baadhi ya koo za bakteria hupungua hata zisionekane. Kiangazi, nyama inapoongezeka, zinarudi. Koo hizohizo ndizo adimu kwa watu wa miji ya nchi zilizoendelea kiviwanda. Kwangu mimi hilo ni jambo la kujivunia na pia la kutia wasiwasi, maana sisi wa mijini tunakwenda mbio kuelekea mlo wa Bologna bila kuuliza tunaacha nini nyuma.

Tuingie upande wa maradhi. Je, wajua kwamba kutu ya msumari haileti pepopunda? Bakteria wake huishi udongoni na kwenye mavi ya wanyama, akiwa amejifungia ndani ya mbegu ngumu iitwayo spora. Msumari uwe na kutu au ung'ae, hatari yake ni tundu: jembamba, lenye kina, linaloziba juu na kuacha chini pakose hewa. Humo spora huamka. Mwiba wa mchongoma unaweza kufanya kazi ileile.

Mwaka 1889 Mjapani Kitasato Shibasaburo, akiwa Berlin, alifaulu kumpata bakteria huyu peke yake. Alipasha moto mchanganyiko wa usaha hadi nyuzi 80 ili wengine wafe na spora zibaki, kisha akazikuza ndani ya gesi ya haidrojeni. Mwaka uliofuata, pamoja na Emil von Behring, alionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu hiyo kidogo kidogo inaweza kumkinga mnyama mwingine. Chanjo ya pepopunda tunayochomwa kliniki leo ilianzia kwenye kazi kama hiyo.

Na kitovu je? Majivu, udongo au samadi ikipakwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, spora zinapelekwa moja kwa moja kwenye kidonda kibichi. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha kinywa kinakaza na kunyonya kunamshinda. Mwaka 1988 pepopunda iliua watoto wachanga wanaokadiriwa kuwa 787,000 duniani. Miaka 30 baadaye idadi hiyo ilishuka hadi kama 25,000, kwa sababu ya chanjo kwa wajawazito, nyembe safi na mikono safi ya wakunga. Uganda ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kwa wajawazito na watoto wachanga mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012. Kutokomeza huko hakumaanishi kwamba spora zimekwisha. Zimo udongoni na zitaendelea kuwamo. Tena aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga. Naye anahitaji kuchanjwa.

Je, wajua kwamba sumu ya pepopunda na mojawapo ya sumu za botulizimu, ugonjwa uletwao na bakteria mwingine asiyeitaka oksijeni, hukata protini ileile moja kwenye mishipa ya fahamu? Tofauti ni mahali zinapokatia. Ya pepopunda hufanya kazi kwenye uti wa mgongo, inaondoa breki za misuli na mwili unakakamaa kama upinde. Ya botulizimu hukatia pale mshipa unapokutana na msuli, na msuli unalegea: kwanza kope, halafu koo, mwisho kifua. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo hutumika hospitalini kunyoosha macho yenye makengeza. Marekani iliruhusu tiba hiyo mwaka 1989.

Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Nalisema kwa mkazo kwa sababu kumrambisha kichanga asali bado ni desturi ya nyumba nyingi. Asali inaweza kuwa na spora za botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzishinda, la kichanga halijawa na bakteria wa kutosha wa kuzizuia. Kuichemsha jikoni hakusaidii, maana spora hizo hustahimili nyuzi 100. Viwanda vya makopo hulazimika kutumia mvuke wa kama nyuzi 121 chini ya shinikizo. Kopo lililovimba litupwe bila kuonjwa.

Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya watu wa Kenya waliopata botulizimu kwa kula kumbikumbi. Kumbikumbi wenyewe ni chakula kizuri. Wakaushwe vizuri na wawekwe penye hewa, wala wasifungiwe wabichi kwenye mfuko wa plastiki.

Je, wajua kwamba sufuria kubwa la pilau la shughuli hukosa hewa katikati? Moto unafukuza oksijeni, na spora za bakteria aitwaye Clostridium perfringens zinavumilia mpiko. Sufuria likiepuliwa usiku na kufunikwa lisubiri wageni wa mchana, juu linapoa upesi, lakini katikati, penye nyama, panabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Katika joto linalomfaa, bakteria huyu hujigawa kila baada ya dakika 10 hivi. Piga hesabu: mmoja katika saa 4 anakuwa zaidi ya milioni 16. Wageni hula bila kuhisi harufu yoyote mbaya, na kati ya saa 6 na 24 baadaye matumbo yanasokota na kuhara kunaanza. Mara nyingi hupita ndani ya siku moja, ila wazee na watoto huumia zaidi. Chakula kikiepuliwa, kiliwe kingali moto, au kigawanywe kwenye masinia mapana kipoe haraka. Kiporo kipashwe mpaka kifuke mvuke hadi ndani.

Aina nyingine ya bakteria huyohuyo ilileta msiba mkubwa zaidi Papua New Guinea, kwenye karamu za nguruwe za nyanda za juu. Sumu yake huharibiwa na kimeng'enya cha tumboni, lakini wenyeji walikula protini kidogo siku nyingi, na viazi vitamu, chakula chao kikuu, vina kitu kinachokidhoofisha kimeng'enya hicho. Nyama nyingi ya ghafla ikakuta tumbo lisilo na ulinzi, na utumbo ukaoza. Watoto ndio waliokufa zaidi, hadi chanjo ilipoanza kutolewa miaka ya 1980.

Kwa haraka: bakteria wa chunusi hustawi kwenye vitundu vya ngozi vilivyoziba. Fizi zinazovuja damu zina bakteria wasioitaka oksijeni chini yake. Noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto mwenye utapiamlo, huanzia kwenye fizi hizohizo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2023, kwa kuchelewa sana.

Je, wajua kwamba dawa moja maarufu iligunduliwa kuwa inawaua bakteria hawa kwa bahati tu? Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ilikuwa dawa ya trikomonasi, ugonjwa wa ukeni. Mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza, D. L. S. Shinn, aliandika kwamba mgonjwa aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya ugonjwa huo alipona na fizi zake zenye vidonda. Dawa huingia mwilini ikiwa haina makali. Ni ndani ya seli isiyotumia oksijeni ndipo inapogeuka na kukata vinasaba. Gentamisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ni kinyume chake: bila oksijeni haipenyi ndani ya bakteria. Ndiyo maana mgonjwa aliyetoboka utumbo mara nyingi hupewa metronidazoli pamoja na dawa nyingine. Lakini anayeinunua dukani kila tumbo linapouma, bila kipimo, anawaua pia wale wanaomtengenezea butireti.