Mzee alivyookoa kwenye mstari Sanje

LIGI ikisimama kupisha timu za taifa, sisi waandishi wa michezo tunabaki na wikiendi tupu. Safari hii nikawachukua mzee, mama na mdogo wangu wa miaka 12, tukaenda Mang'ula, Morogoro, kupanda Milima ya Udzungwa hadi maporomoko ya Sanje.

Maji yale yanashuka mita 170 kwa hatua tatu. Njia ni mlima mtupu ndani ya msitu, jasho linakutoka kama mazoezi ya kuandaa msimu. Mzee alicheza beki mchangani mpaka goti likamstaafisha. Nusu ya njia akaomba sabu.

"Nendeni, mimi nipo benchi."

"Huku hakuna benchi, baba," mama akamjibu.

Akainuka na fimbo yake.

Kwenye maji, muongozaji alituonyesha pa kuogelea na pa kukaa mbali. Dogo hakusikia. Akakanyaga jiwe lenye utelezi, akazama. Mimi kijana niliganda na simu mkononi. Aliyejitosa ni mzee, na goti lake lile lile, akamvuta nje.

Baadaye nikakumbuka: kabla dogo hajateleza, mzee alishasogea ukingoni. Beki mzuri hahitaji mbio, anaisoma hatari mapema.

Kushuka alichechemea hadi getini, dogo kamshika mkono njia nzima. Ukienda Sanje nenda na familia, ila msikilizeni muongozaji. Si kila timu ina beki kama wetu.