Bunduki na usalama wa shule Marekani: wanabishania nini?

Msikilizaji, kila shule inapovamiwa Marekani, wengi mnauliza: kwa nini wasizuie bunduki?

Jibu linaanzia kwenye Katiba. Marekebisho ya Pili, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya raia kumiliki silaha.

Mei 24, 2022, kijana wa miaka 18 aliingia Shule ya Msingi ya Robb mjini Uvalde, Texas, akaua wanafunzi 19 na walimu wawili. Bunduki aliinunua kihalali.

Wanaotaka sheria kali wanasema umri wa kununua upandishwe hadi miaka 21. Wapinzani wao wanasema dawa ni milango imara na walinzi wenye silaha. Lakini Uvalde polisi walifika mapema, wakakaa nje ya darasa zaidi ya saa nzima kabla ya kumkabili.

Mwezi uliofuata ilipita sheria mpya: mnunuzi wa chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi, shule zipate fedha za usalama. Umri haukuguswa.

Uingereza, watoto 16 na mwalimu wao walipouawa Dunblane mwaka 1996, karibu bastola zote za raia zilipigwa marufuku. Kule bunduki ni kibali. Marekani ni haki.