Waya wa resho hauchoki

"Fundi, nikate mizunguko mingapi ili resho irudi na nguvu?" Swali hili naulizwa Kalemie nzima, kuanzia sokoni hadi kwenye harusi, na jibu langu halijawahi kubadilika: usikate hata mmoja.

Wanaouliza wanaamini waya wa jiko hilo la umeme umechoka. Jioni maharagwe hayachemki, waya unabaki na wekundu hafifu, na jirani anashauri upunguzwe. Unapunguzwa, resho inapata moto kweli, jirani anasifiwa. Usiku umeme unapopanda, waya unakatika.

Waya huo ni nikeli na kromi, kwa kawaida asilimia 80 kwa 20, mchanganyiko ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Ukipata moto, kromi iliyomo inashikana na oksijeni na kujenga utando mwembamba usiobambuka, ambao unazuia hewa kula waya kwa ndani. Ndiyo sababu unastahimili zaidi ya nyuzi 1,000 za Selisiasi. Tena ukinzani wake hubadilika kidogo tu kutoka baridi hadi mwekundu. Baada ya miaka utakonda na kukatika, lakini haiwezekani uchoke saa moja jioni kisha upone saa sita usiku! Kilichopungua ni volti, kwa kuwa mji mzima unapika pamoja kwa umeme wa kituo cha Bendera.

Tupige hesabu. Resho ya wati 1,000 kwa volti 220 ina ukinzani wa omu 48 hivi. Volti zikishuka hadi 180, inatoa wati 670 tu. Kata robo ya waya: kwa volti zilezile 180 unapata karibu wati 890, unafurahi. Volti zikirudi 220, ni wati 1,330 kwenye waya uliofupishwa, na kila sentimita inabeba karibu mara 1.8 ya joto ililoundiwa. Utando unashindwa kuulinda waya. Soketi iliyokuwa ikipitisha ampea 4.5 sasa inapitisha 6, na hapo ndipo plagi iliyolegea inaweza kuanza kuyeyuka, watoto wamelala chumba cha pili.

Wengine wananiletea resho iliyowekwa waya wa kufungia nondo. Hiyo ni hatari tupu. Chuma hicho kikiwa baridi kina ukinzani wa takriban sehemu moja ya kumi ya nikeli-kromi, hivyo kinavuta umeme mwingi mno, na kikipata moto kinabambuka magamba. Kuunga kwa shaba nako hakusaidii, shaba nyekundu ya moto inaliwa na hewa upesi.

La kufanya ni hivi. Pima volti za jioni kwanza. Zikiwa chini, pika mapema, au funika sufuria. Waya ukikatika, nunua mwingine wenye wati zilezile zilizoandikwa kwenye resho, chomoa plagi, uvute mizunguko iachane sawasawa, isigusane, kaza skrubu za ncha. Supu ikimwagika, chomoa plagi, subiri resho ipoe kisha usafishe, kwa sababu chumvi inaula utando. Usikoroge sufuria ya chuma juu ya waya ulio wazi wenye umeme.

Na mama, baba, kama resho yenu imeshakatwa mizunguko, msiichomeke leo jioni. Badilisheni waya kwanza.