Kifafa: Kwa nini tiba ya mazungumzo ni ngumu kupimwa

Watafiti hupima kidonge cha kifafa kwa kukilinganisha na kingine kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Tiba ya mazungumzo haifichiki: aliyefundishwa kutuliza wasiwasi anajua amefundishwa. Tena, mgonjwa mwenyewe ndiye huhesabu mara alizoshikwa, na akishikwa usingizini huenda asijue.

Mapitio ya tafiti 36 yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa tiba hiyo huboresha maisha. Ushahidi kwamba hupunguza kuanguka bado ni hafifu.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zifaazo. Basi ndugu unayevuka mpaka kutafuta riziki, fungasha vidonge vya kutosha. Mazungumzo yasaidie dawa, yasichukue nafasi yake.