Vitufe visivyo na jina ni kikwazo kwa wasioona

KWA mtu anayeona, alama ya pipa la taka kwenye skrini ya simu haihitaji maelezo: ukiigusa, ujumbe unafutika. Kwa asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, alama hiyo hiyo yaweza kuwa neno moja tu: "Kitufe." Akisogea kwenye alama inayofuata husikia tena, "Kitufe." Ikiwa kimoja hutuma fedha na kingine hughairi, hana budi kubahatisha.

Visoma skrini si jambo geni. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. NVDA, inayotolewa bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. iPhone ilipata VoiceOver mwaka 2009, na simu za Android zina TalkBack. Baadhi hujaribu kukisia maana ya picha, lakini kimsingi hutamka kile ambacho mtengenezaji amekiandika ndani ya programu yake.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa WCAG, toleo la mwaka 2008 na yaliyofuata, unataka kila kitufe kijulikane kwa jina, aina na hali yake.

Jina litaje kazi, si picha: "Tafuta", wala si "Kioo cha kukuzia". Neno "kitufe" lisiwemo, kwani kisoma skrini hulitamka chenyewe, na kulisikia mara mbili mbili kutwa nzima kunachosha. Programu ikiwa ya Kiswahili, jina nalo liwe la Kiswahili; hutokea maneno yanayoonekana yakatafsiriwa, yaliyofichika yakasahauliwa.

Kosa jingine ni kuchora kisanduku kinachofanana na kitufe bila kukitambulisha hivyo. Katika tovuti, kisanduku hicho hakifikiwi kwa Tab ya kibodi, na asiyetumia kipanya hukipita bila kujua kuwa kipo. Kuhusu hali, kitufe cha kipaza sauti, kwa mfano, kieleze kama kimewashwa au kimezimwa.

Mwaka 2024, taasisi ya WebAIM ya Marekani ilikagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Zaidi ya robo zilikuwa na vitufe visivyo na jina. Kuliandika jina hilo, mara nyingi, ni kazi ya mstari mmoja.

Mtengenezaji anayetaka kujipima awashe TalkBack, afumbe macho, kisha ajaribu kutuma fedha kwa programu yake mwenyewe, tangu mwanzo hadi risiti.