Gesi ya kiyoyozi cha gari haiishi, huvuja

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA inapofika miezi ya Desemba hadi Machi, joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam huwakumbusha wenye magari ya zamani juu ya kiyoyozi walichokiacha kwa muda mrefu bila kukiangalia. Vioo hupandishwa, swichi hubonyezwa, na kinachotoka ni upepo wa moto. Safari inayofuata ni ya kwa fundi, na jibu linalotolewa mara nyingi ni moja: gesi imekwisha, iongezwe.

Gesi huongezwa, gari hupoa kwa wiki kadhaa, kisha joto hurudi na mwenye gari hurudi kulipa tena. Wengi huamini kwamba ndivyo mitambo hiyo ilivyo, kwamba gesi hutumika na kwisha kama petroli. Imani hiyo si sahihi, na imewagharimu wengi fedha za gesi na hatimaye kompresa nzima.

Kiyoyozi hakichomi gesi. Gesi ile ile huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ni kweli kwamba mipira yake huruhusu kiasi kidogo kupenya katika kipindi cha miaka mingi, lakini gesi inayokwisha ndani ya wiki au miezi michache imepata tundu la kutokea.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huikandamiza gesi hadi ikawa na joto na shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupelekwa kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ambako hupozwa na upepo na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya, kopo dogo linalonyonya unyevu, kisha kwenye valvu yenye tundu jembamba inayoshusha shinikizo ghafla.

Baada ya hapo huingia kwenye evaporeta, nyuma ya dashibodi, ambako huchemka na kuwa gesi tena. Katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayopulizwa kwa abiria.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi hiyo. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi ipasavyo, na kompresa husagika. Ndiyo maana gari linaloongezewa gesi kila mara bila tundu kuzibwa huishia kuhitaji kompresa mpya.

Yanayowezekana nyumbani

Kabla ya kulaumu gesi, yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyakagua mwenyewe. Gari liegeshwe mahali pa wazi, breki ya mkono ivutwe, na mikono iwekwe mbali na mikanda na feni, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka bila taarifa.

Hatua ya kwanza ni upepo. Ukiwa hafifu hata feni ya ndani ikiwekwa kasi ya juu, chujio la hewa huenda limejaa vumbi. Katika magari mengi ya Japani yenye chujio hilo, hukaa nyuma ya kidroo cha dashibodi upande wa abiria, na kulibadilisha hakuhitaji fundi.

Hatua ya pili ni kondensa. Matope, majani na wadudu walionasa huzuia hewa kupita. Ioshwe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ili mapezi yake membamba yasipinde. Kisha kiyoyozi kiwashwe na ihakikishwe kwamba feni ya mbele inazunguka. Gari linalopoa likiwa katika mwendo lakini likatoa joto kwenye foleni, mara nyingi lina hitilafu ya feni au kondensa chafu, na kuliongezea gesi hakutasaidia.

Hatua ya tatu ni umeme. Injini ikiwa inanguruma, mtu mmoja awashe kiyoyozi na mwingine asikilize karibu na kompresa. Katika magari mengi ya zamani husikika mlio wa "tak" wakati klachi inaposhika. Usiposikika, ikaguliwe fyuzi, kisha rilei, kisha waya unaokwenda kwenye klachi. Mkanda uliolegea au kupasuka nao huonekana kwa macho.

Vyote hivyo vikiwa vizima, yawezekana swichi ya shinikizo ndiyo iliyokata umeme kwa kuwa gesi ni kidogo mno. Swichi hiyo ni mlinzi wa kompresa. Wapo wanaoiruka kwa kuunga waya moja kwa moja ili klachi ishike kwa nguvu, kitendo ambacho huiendesha kompresa bila mafuta ya kutosha.

Kutafuta tundu

Kwa kuwa mafuta husafiri na gesi, mahali panapovuja huacha doa la mafuta lililoshika vumbi. Pakaguliwe maungio ya mabomba, mipira, mbele ya kompresa na uso wa kondensa, ambao hupigwa na kokoto barabarani. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio hayo injini ikiwa imezimwa, mapovu yanayotunga huonyesha tundu kubwa. Tundu dogo huhitaji kifaa cha kunusa gesi au rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, ambavyo hupatikana kwenye gereji zenye vifaa.

Vikaguliwe pia vijivalvu vya kujazia gesi, ambavyo hufanana na vya tairi. Huweza kuvuja vikichakaa, hasa vifuniko vyake vikipotea.

Maji yanayodondoka chini ya gari si uvujaji wa gesi. Ni unyevu wa hewa ulioganda kwenye evaporeta, na ni dalili njema. Maji yakilowesha zulia la ndani badala ya kudondoka chini, mpira wa kuyatoa umeziba.

Gesi si moja

Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, uzalishaji wake ulikoma katika nchi zilizoendelea mwaka 1996 na katika nchi zinazoendelea mwaka 2010. Nafasi yake ilichukuliwa na R134a, inayotumika katika magari mengi yaliyokuja baada ya hapo.

Gesi hizo mbili hazichanganywi, na hata mafuta yake ni tofauti. Gari la R12 linapohamishiwa R134a hubadilishiwa mafuta, draya na viunganishi vya kujazia. Lebo iliyo chini ya boneti hueleza aina ya gesi na uzito wake kwa gramu.

R134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hulipasha joto anga kama kilo 1,430 za kaboni dioksaidi, kwa hesabu iliyotumika katika Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Kwa hiyo kufungua bomba ili gesi itoke hewani ni madhara kwa wote.

Mahali pa kuishia

Ni madhara pia kwa anayefungua. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikirukia jicho au ngozi huigandisha. Ikikutana na moto hutoa moshi wenye sumu. Hatari zaidi ni kujaza gesi ya kupikia badala yake: ikivuja ndani ya gari, cheche moja hutosha kuwaunguza waliomo.

Kwa sababu hizo, kazi ya nyumbani inaishia kwenye bomba la kwanza lenye gesi. Kwa fundi, mwenye gari anapaswa kudai mambo manne: gesi iliyobaki ikusanywe kwa mashine, tundu lizibwe na draya pamoja na mipira ya oringi iliyoguswa vibadilishwe, hewa na unyevu vivutwe kwa pampu kwa angalau nusu saa, kisha geji itazamwe kama inatulia, na gesi ipimwe kwa mizani kulingana na lebo. Geji peke yake haionyeshi kiasi cha gesi kilichomo, na gesi ikizidi nayo hupunguza ubaridi na kuichosha kompresa.

Baada ya hapo, kiyoyozi kiwashwe kwa takriban dakika 10 kila wiki, hata katika miezi ya baridi, ili mafuta yazunguke na sili za kompresa zisikauke. Na fundi atakaposema gesi imekwisha, aulizwe kwanza imetokea wapi, kabla mtungi haujafunguliwa.