Dalali Apewa Daftari

Katika rasimu ya kwanza ya riwaya yangu, dalali alikuwa mwizi tu. Muuguzi kijana anashuka kwenye mwendokasi Kimara Mwisho, anatafuta chumba. Dalali anapokea hela ya kuonyeshwa, anamzungusha vilima na mabonde hadi viatu vinabadilika rangi, kisha anazima simu. Kazi yake ilikuwa kumtesa dada wa watu ili msomaji amwonee huruma. Akishamaliza, hatumwoni tena.

Mhusika wa namna hiyo ana dalili moja. Muulize mwandishi jamaa huyu anafanya nini siku ambayo mhusika mkuu hayupo, utaona anavyobabaika. Wengi wetu tukibanwa hapo tunakimbilia kumpa mtu msiba: mama mgonjwa, mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Dawa hiyo siipendi. Msomaji ana misiba yake ya kumtosha. Mpe mtu kazi kwanza, na aijue.

Basi rasimu ya pili dalali akapata daftari, kaunta buku lenye jalada gumu, kona zimelika. Humo kaandika: geti la bluu, Temboni, maji usiku tu. Kwa mama wa duka, luku ya kuchangia, hataki watoto. Chumba cha uani, miezi sita, ukuta unavuja. Anajua mpangaji gani anahama kabla mwenye nyumba hajapata habari. Na katikati ya daftari kuna nyumba moja iliyopigwa mstari wa wino mwekundu. Ni yake mwenyewe, kando ya Morogoro Road, iliyobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara. Sikuongeza hata sentensi moja ya kilio. Muuguzi anauona mstari, anauliza, dalali anafungua ukurasa mwingine.

Maneno yake nayo yakabadilika. Zamani alikuwa anasema, "Dada, hela kwanza." Sasa anasema, "Dada, wewe si unaingia zamu ya usiku? Hapa hapakufai, jirani ana mashine ya kusaga, mchana hutolala." Hela bado anachukua, kodi ya mwezi mzima, hapunguzi hata shilingi. Sikutaka awe malaika.

Nilichofurahia zaidi kilitokea upande wa pili. Dalali alipokuwa mwizi, muuguzi alikuwa hana la kufanya ila kulia. Dalali alipoanza kujua kazi yake, binti akapata cha kumwibia: anachungulia daftari, ananakili namba ya mwenye nyumba, kesho yake anamzunguka dalali na kulipia chumba kimyakimya. Shujaa wangu kachafuka mikono, na riwaya ikapata uhai.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kwenda njia ya kinyume. Katika A Grain of Wheat ya mwaka 1967 yumo mpiganaji wa msituni aitwaye Koinandu, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Dr Lynd, mama wa Kizungu. Katika toleo hilo anashiriki kumbaka mama huyo. Toleo lililosahihishwa la 1986 linamwita Koina, na ubakaji umeondolewa. Kinachobaki ni mbwa wa mama yule kuuawa kwa kukatwakatwa. Kitabu si cha Koina. Ni cha Mugo, anayesubiriwa na kijiji kizima ahutubie siku ya Uhuru huku moyoni anajua ndiye aliyemsaliti Kihika, mpigania uhuru wa kijiji hicho. Kurasa zilizoguswa ni chache, lakini uzito wa kitabu umehama: mwanzoni hata waliopigania nchi walifika sherehe wakiwa na lao la kujibu, baadaye Mugo anabaki mpweke zaidi na hatia yake. Kwangu toleo la kwanza linauma zaidi, ingawa tukio lile linachefua. Ndiyo maana nikimgusa mhusika mdogo narudi kumsoma mkubwa kutoka mwanzo, nione kama bado ni mtu yuleyule.

Kwa sasa nimehamia kwa mama mwenye nyumba. Tangu dalali achangamke, yeye kapoa, hana neno ila kudai kodi. Nimeanza kwa kumwandikia orodha ya wapangaji aliowahi kuwatimua, na sababu aliyompa kila mmoja.